Pima kwa Karatasi za A4: Jinsi ya Kuchagua na Kutumia Skrini Kubwa Kazini

Kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya maduka na viwanda vidogo hapa Dar es Salaam. Ikifika tarehe 18 ya mwezi utanikuta na chai iliyopoa, laptopu, na ritani za VAT ambazo mwisho wake ni tarehe 20. Kwa miaka mingi nilizifanya zote kwenye kioo cha inchi 15.6, nikiruka kutoka taarifa ya benki kwenda daftari la fedha na kurudi, kidole kimoja kwenye Alt na kingine kwenye Tab.

Mwezi mmoja hesabu ikakataa kukaa. Tofauti: shilingi 63,000. Mhasibu akiona tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki, anashuku kuna tarakimu zimepishana mahali, basi nikaanza kuwinda. Saa tatu usiku nikaipata. Benki 381,500, kwangu 318,500. Namba niliisoma vizuri tu. Ila niliibeba kichwani wakati dirisha moja linaondoka na jingine linakuja, na katika ile sekunde moja 8 na 1 zikabadilishana viti.

Skrini kubwa inakuondolea sekunde hiyo. Inaweka vitu viwili mbele ya macho yako kwa pamoja ili usibebe chochote kichwani. Wahasibu wa zamani walilijua hili kabla ya kompyuta, ndiyo maana meza zao zilikuwa pana kama kitanda: leja huku, risiti kule, rula katikati. Yote nitakayoeleza hapa chini yanatoka kwenye wazo hilo la meza pana.

Hatua ya 1: Andika jozi zako

Kabla hujagusa pesa, fanya kazi siku nzima kama kawaida, karatasi na kalamu vikiwa pembeni. Kila unapotoka dirisha moja kwenda jingine, andika ulitoka wapi na umekwenda wapi. Jioni utaona jozi zinazojirudia. Zangu zilikuwa taarifa ya benki na daftari la fedha, kisha picha za risiti za EFD, zile za mashine za kodi, na orodha ya manunuzi. Mfasiri atakuta matini ya chanzo na tafsiri. Mwalimu atakuta karatasi za majibu na jedwali la alama.

Kama siku nzima umeandika mistari mitatu tu, huhitaji skrini kubwa. Nunua kiti kizuri. Nasema kweli, watu wengi wanaolalamika kwamba kazi haziendi wana tatizo la mgongo.

Hatua ya 2: Tandaza karatasi mezani

Inchi za skrini hupimwa mshazari, kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, kwa hiyo namba ile peke yake haikuambii nafasi utakayopata. Chukua karatasi za A4, kila moja ina upana wa sentimita 21 na urefu wa karibu 30, uzipange wima kama unavyozisoma.

Laptopu ya inchi 15.6 ina kioo cha takriban sentimita 34.5 kwa 19.5. Hata karatasi moja haiingii nzima, theluthi yake ya chini inabaki nje. Ndiyo maana unaviringisha kipanya kutwa.

Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 na urefu wa 30. Karatasi mbili zinakaa bega kwa bega kwa ukubwa wake halisi, na pembeni panabaki sentimita 11 za kuweka kikokotoo. Inchi 27 ni kama 60 kwa 34: karatasi mbili, na nafasi inayokaribia ya tatu. Inchi 32 ni 71 kwa 40, hapo tatu zinaingia zote. Kuna na zile pana za inchi 34, zilizolala kama mkeka, 80 kwa 33. Ni nzuri kwa majedwali yenye safu nyingi, lakini kwa kwenda juu hazizidi za inchi 27, na hilo muuzaji hakuambii.

Sasa rudi kwenye jozi zako. Mwenye jozi ya hati mbili, inchi 24 inamtosha, na bei yake haiumizi. Mwenye Excel ya kutwa nzima, mimi ningemwambia 27. Inchi 32 ni ya mtu mwenye meza yenye kina cha sentimita 70 au zaidi. Kwenye meza ya sentimita 50 utakuwa unageuza shingo kama abiria asiyejua daladala yake inatokea upande gani.

Hatua ya 3: Hesabu pikseli, hapa ndipo nilipopigwa

Baada ya mkasa wa 63,000 nilikwenda mjini nikiwa na hasira na pesa taslimu, mchanganyiko mbaya. Kijana wa duka akanitazama mara moja tu.

"Mama, chukua hii ya inchi 32. Bei ya 24. Hata mpira utaangalia."

Nikaibeba. Nyumbani nikafungua daftari langu lilelile, nikahesabu mistari ya Excel inayoonekana. Ilikuwa ileile niliyoizoea kwenye laptopu, haikuongezeka hata mmoja. Herufi zilikuwa kubwa kama za bango la barabarani, kingo zake zina vingazi vingazi.

Picha kwenye skrini ni vitone, na vitone hivyo ndivyo pikseli. Laptopu yangu ilikuwa na 1920 kwa 1080, nayo nilikuwa nimeiweka kwenye ukuzaji wa 100%, herufi kama sisimizi. Ile skrini kubwa nayo ilikuwa na 1920 kwa 1080. Mkulima ataelewa haraka: miche ni ileile, nilichonunua ni nafasi kati ya mche na mche.

Mstari wa kawaida wa Excel, kwa ukuzaji wa 100%, unakula pikseli 20 za kwenda juu. Kutoka 1080 kwenda 1440 unaongeza pikseli 360, maana yake mistari 18 zaidi bila kuviringisha. Kama laptopu yako ni ya zamani yenye 768 za kwenda juu, hata kwenda 1080 utapata mistari 15 mipya. Hiyo ndiyo hesabu ya kufanya dukani. Ukubwa wa boksi uache.

Halafu angalia msongamano, yaani pikseli ngapi ndani ya inchi moja. Inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 inatoa kama 92, na herufi zinasomeka vizuri. Inchi 27 yenye pikseli hizohizo inashuka hadi 82, na ya 32 hadi 69, ile yangu. Inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 inatoa 109, na hiyo ndiyo ninayotumia leo. Mimi kwa kazi ya maandishi sishuki chini ya 90.

Vipi 4K, yenye 3840 kwa 2160? Kwenye inchi 27 herufi zitakuwa ndogo mno, utalazimika kukuza hadi 150%, na ukishakuza hivyo nafasi unayobaki nayo ni sawa na ya 2560 kwa 1440. Herufi zitakuwa safi kama za kitabu, hilo silikatai. Lakini usiinunue ukidhani umeongeza meza. 4K inaanza kuongeza meza kwenye inchi 32 na kuendelea.

Ile ya inchi 32 iko sebuleni sasa. Kijana hakudanganya, mpira inaonyesha vizuri.

Hatua ya 4: Nenda dukani na laptopu yako

Wengi wetu tunanunua skrini zilizokwisha kutumika, za maofisi yaliyobadilisha vifaa, na si jambo la aibu. Skrini ya ofisi ya miaka michache mara nyingi ina stendi imara kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Uwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, beba laptopu yako, waya wako na chaja. Usikubali kuonyeshwa kwa kompyuta ya dukani tu.

Kabla ya kutoka nyumbani weka picha tano tupu kwenye laptopu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, zijaze kioo kizima. Nyeupe inafichua madoa ya njano na vitone vilivyokufa. Nyeusi inafichua mwanga unaovuja kwenye kingo, na hii uitazame umeziba mwanga kwa mkono au kwa kanga, maana dukani taa ni kali. Zile tatu za rangi zinafichua pikseli zilizogoma kwenye rangi moja. Kitone kimoja pembeni nakisamehe na kuomba punguzo. Mstari uliosimama kutoka juu hadi chini sisamehi, kwa uzoefu wangu huzaa wenzake.

Kisha iache inawaka. Agiza soda, piga soga dakika 20. Kuna ubovu ambao hauonekani mpaka kifaa kipate moto. Wakati unasubiri bonyeza vitufe vyote, igeuze uone matundu ya nyuma, na usome lebo, ambayo mara nyingi ina mwaka wa kutengenezwa. Angalia pia yale matundu manne ya skrubu mgongoni, yaliyoachana sentimita 10 kila upande. Yakiwepo, siku stendi ikivunjika utaifunga kwenye mkono wa chuma au ukutani.

Mwisho, fungua mipangilio ya skrini kwenye laptopu uone inasoma pikseli ngapi. Namba iliyoandikwa hapo ndiyo uiamini kuliko maneno ya mtu yeyote mle ndani.

Hatua ya 5: Waya

Waya wa VGA, ule wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili, unafanya kazi lakini herufi huwa na ukungu kidogo. Kama skrini na laptopu zote zina HDMI au DisplayPort, tumia hizo. HDMI ya laptopu za zamani nyingi inaweza kupeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na utaijua kwa kipanya kinachojivuta kama kimechoka. Kwa 1920 au 2560 tatizo hilo hulioni.

Tundu la Type-C lina mtego wake. Si kila tundu la namna hiyo linapitisha picha, mengine ni ya data na chaji basi. Tafuta alama ya umeme wa radi au herufi D yenye P ndani yake karibu na tundu. Likipitisha picha, na skrini yako ina uwezo wa kuchaji, waya mmoja unafanya yote na meza inapumua.

Anayetaka kutumia runinga badala ya monita anaweza, ila aende kwenye mipangilio ya runinga alipatie tundu alilochomeka waya jina la "PC" na azime ukuzaji unaokata kingo za picha. Asipofanya hivyo herufi zitakuwa na vivuli vya rangi, hasa nyekundu.

Hatua ya 6: Urefu, umbali na mwanga

Kaa unavyokaa siku zote, nyoosha mkono mbele. Ncha za vidole ziguse kioo au zikaribie. Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Ikiwa fupi, riamu moja ya karatasi ina unene wa kama sentimita 5, weka moja au mbili chini ya stendi na usinunue kitu kingine. Anayevaa miwani yenye sehemu ya kusomea chini aishushe zaidi, vinginevyo atakuwa anainua kidevu kutwa ili aone kupitia sehemu ile, na shingo itamwambia jioni.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma yako linajiangalia kwenye kioo, na likiwa mbele yako jua la mchana linashindana na skrini. Jaribio langu: zima skrini, kaa, tazama kioo cheusi. Chochote unachokiona humo, iwe taa, pazia au shati lako jeupe, ndicho kitakachokusumbua ukiiwasha.

Mwanga wa skrini wenyewe mara nyingi huja umewekwa juu mno kutoka kiwandani. Fungua ukurasa mtupu mweupe, shika karatasi ya A4 pembeni ya kioo. Skrini iking'aa kama taa kuliko karatasi, punguza. Endelea mpaka vifanane. Mara ya kwanza utaona giza. Vumilia siku mbili, macho yatakushukuru. Na kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Mimi natazama mwembe wa jirani, na msimu wa maembe natazama zaidi ya sekunde 20.

Hatua ya 7: Iambie kompyuta ukweli

Ukichomeka waya, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Chagua "Extend". Ukiacha "Duplicate" skrini zote mbili zitaonyesha kitu kimoja, na nimeingia ofisi ambako watu wamekaa hivyo mwaka mzima wakidhani ndivyo inavyotakiwa.

Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, fungua "Display settings". Utaona visanduku viwili vyenye namba. Vivute vikae kama skrini zako zilivyokaa mezani. Laptopu ikiwa kushoto, kisanduku chake kiwe kushoto, vinginevyo kipanya kitagonga ukuta upande mmoja na kuibukia upande usioutarajia. Chagua kubwa iwe ndiyo kuu. Hakikisha inatumia pikseli zake zote, kisha rekebisha ukuzaji mpaka usome bila kuinama.

Hatua ya 8: Sasa panga meza

Watu wengi huishia hatua ya 7. Wananunua skrini ya inchi 27 halafu wanafungua dirisha moja likajaa kote, sentensi ya barua pepe ikanyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Hapo hujapata kitu.

Shika dirisha la kwanza, bonyeza Windows na mshale wa kushoto, linakaa nusu. La pili, Windows na mshale wa kulia. Kwenye Windows 11, Windows na Z inakupa mikato mingine, ikiwemo ya tatu kwa mpigo. Kuhamisha dirisha kutoka laptopu kwenda skrini kubwa ni Windows, Shift na mshale. Vidole vitajifunza ndani ya wiki.

Kwa Excel kuna jambo ambalo ningependa ningelijua miaka kumi nyuma. Faili moja lina karatasi mbili na unataka kuziona zote? Nenda "View", kisha "New Window". Faili lilelile linafunguka mara mbili, unaweka moja kushoto na jingine kulia, na ukiandika huku linabadilika kule.

Mpangilio wangu wa tarehe 18 uko hivi: kushoto taarifa ya benki, kulia daftari la fedha, na kwenye laptopu, chini kidogo pembeni, kikokotoo na barua pepe ya mteja. Jicho linatoka 381,500 kwenda 381,500, natia tiki, nashuka mstari. Namba haipiti kichwani kabisa.

Kisichokaa popote pale ni WhatsApp. Ukiipa nusu ya skrini umejinunulia skrini ya kupigia soga, na kila alama ya kijani itakuvuta. Mimi naiacha kwenye simu, simu iwe kwenye mkoba.

Je, skrini mbili ndogo au moja kubwa? Mbili za inchi 22 za mtumba zinaweza kuwa rahisi kuliko moja ya 27, na kama bajeti ndiyo hiyo chukua. Tatizo ni ule mpaka katikati, unaoangukia palepale pua yako inapoelekea. Weka moja mbele kabisa na nyingine pembeni kwa pembe, au simamisha ya pili wima kama stendi inageuka. Inchi 24 ikisimama wima inaonyesha mkataba mrefu vizuri ajabu.

Umeme

Laptopu ina betri, monita haina. Umeme ukikatika madirisha yote yatarundikana kwenye laptopu, na pengine mpangilio wako utavurugika. Kazi haipotei, lakini mtu akipaniki huanza kufunga vitu bila kuhifadhi. UPS ndogo, ile betri ya akiba ya mezani, inatosha kuibeba skrini pamoja na ruta ya intaneti kwa muda wa kumaliza ulichokishika. Na umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaoua vifaa, kwa hiyo kama huna UPS chomoa kwanza, subiri utulie, ndipo uchomeke.

Gharama ni ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Skrini ya inchi 24 inayokula wati 25, ikiwaka saa 9 kwa siku 26 za kazi, inamaliza uniti 6 hivi za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa mwezi.

Kuifuta

Izime, isubiri ipoe, tumia kitambaa laini chenye unyevu wa maji kidogo sana. Dawa ya kusafishia madirisha isiguse kioo hicho, inaweza kula ule utando wa juu na kuacha mawingu yasiyofutika. Na usipulizie maji moja kwa moja, yatateremka yaingie kwenye ukingo wa chini ambako umeme uko. Dada anayetufanyia usafi ofisini nilimwonyesha mara moja. Siku hizi yeye ndiye anayenifokea nikionyesha namba kwa kidole chenye mafuta ya sambusa.